Gome Katikati ya Mashina

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Pap Onditi tuko salama, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeuliza kwa nini nimekata shina moja la mti wetu wa avokado, tena lililozaa vizuri.

Utotoni, dada yangu Atieno alipanda juu ya mzambarau wenye mashina mawili yaliyobanana. Nikiwa chini nilisikia mti ukitoa mlio wa kuvunjika, nikaona ufa kwenye panda, pale mashina yalipoachana. Mashina hayakuwa yameungana. Katikati kulikuwa na gome tu.

"Atieno, shuka!"

"Mwoga wewe! Ngojea nikutupie kokwa!"

Alichuma akicheka mpaka shina likapasuka. Yaliyofuata unayaona kwenye mguu wake hadi leo.

Avokado yetu nayo ilikuwa na gome katikati, na huyu msichana wa shangazi yako ataanza kupanda miti kabla sijaacha kuogopa.

Nyanya yako