Mwalimu Wako Ni Nani, Makrina?

Marambo, Nachingwea
Juni 16, 2024

Kwa mjukuu wangu Makrina, mke wangu mdogo,

Hujambo huko Ruangwa? Kifua kimepona? Mimi mzima, nguvu ninazo. Jana nimepuliza salfa mikorosho mpaka vijana wakakaa chini wananitazama. Bibi yako anakusalimu, goti linamsumbua ila mdomo uko palepale.

Sasa nimesikia habari. Amri wa bodaboda alipeleka abiria huko akakuona sokoni, siku ya kazi, saa za darasa. Nikamuuliza, chuo kimefungwa? Akacheka cheko la mtu anayejua jambo. Nikambana mama yako, akaniambia eti umeacha chuo cha kompyuta tangu Pasaka, unajifundisha mwenyewe humo chumbani ulimopanga kwa Mama Safina. Yaani unajifundisha wewe, unajisahihisha wewe, na cheti utajipa wewe?

Makrina, mimi nimepita jandoni. Hakuna mtoto aliyejipeleka jandoni peke yake akarudi akasema, jamani, nimeshakuwa mtu mzima. Yuko mkubwa anayekushika, anakuonyesha, na watu wanamjua. Wa kwako ni nani? Kama ni mwalimu, mtaje. Kama ni mwanamume, mtaje pia, nije nimpime. Usipige simu. Kwenye simu unacheka tu, na mimi nasahau hasira. Andika.

Babu yako na mumeo wa kwanza,
Protasi

---

Ruangwa
Juni 23, 2024

Shikamoo Babu, mume wangu,

Mimi sijambo, kifua kimetulia. Mwambie Bibi asiiname sana shambani, goti halitaki ubishi.

Mwanamume hakuna, Babu. Mwalimu pia hakuna. Chuoni tulikuwa tunagombania kompyuta, mwalimu anasoma kitabu, sisi tunaandika. Nilipomuuliza kuhusu ule mtihani wa mitandao ya kompyuta ambao waajiri wanautaka, akasema yeye mwenyewe hajaufanya. Mtihani huo chuo hakiutoi. Unatolewa na kampuni ya nje, na hawakuulizi ulisoma wapi, wanakuuliza unajua nini. Kwa hiyo nasoma mtandaoni, nafanya mazoezi, nikikwama nauliza wenzangu kwenye kundi la WhatsApp. Sikufichi, si rahisi. Kuna jambo nililielewa kichwa chini miguu juu wiki nzima, na mwalimu mzuri angeninyoosha asubuhi moja. Lakini nilipolipata, limekaa. Na wewe ile pampu ya salfa ulifundishwa na nani? Si uliifungua mwenyewe barazani, Bibi akapiga kelele kwamba umeiua?

Hospitali ya misheni inatafuta mtu wa kutunza kompyuta zao. Sista amesema nikileta cheti hicho kabla Julai haijaisha, kazi ni yangu. Ikipita, wanamchukua mwingine.

Nafanya mtihani Jumamosi, Julai 6, saa nne asubuhi, humuhumu chumbani. Nitafunga mlango nibaki peke yangu, na msimamizi ataniangalia kwa kamera ya kompyuta mwanzo hadi mwisho. Atataka nimwonyeshe chumba kizima, hata masikio yangu, ahakikishe sijaficha kitu. Mtu mwingine akiingia, mtihani unafutwa hapohapo. Niombee.

Mjukuu wako,
Makrina

---

Marambo
Juni 30, 2024

Mke wangu mdogo,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Barua nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, kisomo cha ngumbaru hakijanitoka.

Pampu usiilete hapa. Pampu ukiikosea inazima, unajua umekosea. Huyo mtu wako wa kamera anaitwa nani? Ana mke? Masikio yako anayatakia nini? Na mlango wa nini kufungwa, kama shughuli ni ya halali? Nauliza tu, mimi sina neno.

Jumamosi hiyo nitakusalia rozari, hapahapa nyumbani kwangu. Amri anakusalimu, ametengeneza pikipiki yake, siku hizi haizimi njiani.

Babu yako,
Protasi

---

Ruangwa
Julai 9, 2024

Shikamoo Babu,

Natumaini wewe na Amri mlifika salama, na vumbi la njiani halikukuumiza macho.

Nimesubiri hasira ipungue ndipo niandike. Mama Safina anasema ulimwomba maji ya kunywa. Alipokwenda kuyachota, ukapiga mlango wangu kwa fimbo mpaka komeo likang'oka. Mimi nilikuwa nimebakiza maswali machache. Ukaingia unasema, "Wewe mwanamume, jitokeze tukuone!" Ukatazama nyuma ya pazia. Ukainua godoro. Nikaweka kidole mdomoni kukuonyesha unyamaze, ukasema, "Hunifungi mdomo, nimetoka mbali!" Sauti ya msimamizi ikasema mtihani umefutwa. Ukaiuliza kompyuta, "Umekimbilia wapi?"

Nimewaandikia wale watu, wamenikubalia nirudie kabla mwezi haujaisha. Siku yenyewe sikutajii.

Mama anasema huko kanisani wameshaanza: Makrina kafeli, asiye na mwalimu mwisho wake ndio huo. Hilo ndilo linaloniuma, Babu. Sista naye ana ndugu Marambo.

Makrina

---

Marambo
Julai 11, 2024

Makrina,

Hujambo? Mimi mgongo unauma kwa ile safari, lakini mwanamume halii.

Nakuuliza jambo moja. Kama ni mtu mwema, mbona hakujitokeza? Nimeingia kwa sauti kubwa, yeye anajibu Kiingereza, kisha kimya. Mtu asiye na jambo anaaga. Mlinzi wa heshima yako ni mimi, na hata leo ningekuja. Komeo la Mama Safina nitalitengeneza, kazi hiyo fundi wa Nachingwea mjini haniwezi.

Nasubiri jibu.

Babu yako,
Protasi

---

Marambo
Julai 14, 2024

Mke wangu mdogo Makrina,

Salamu. Afya yako sijaijua, maana hujajibu. Amri amerudi mikono mitupu, nikamshuku kwamba barua anazitupa njiani. Nikampekua mifuko. Hana kitu. Amenuna.

Leo baada ya misa Mwalimu Gaudens, yule mstaafu, alikuwa anawahutubia watu pale nje. "Mjukuu wa Protasi kajifundisha mwenyewe, kajifelisha mwenyewe." Wakacheka. Unanijua mimi. Neno la kwamba nimekosea, hata Bibi yako hajawahi kulisikia kinywani mwangu. Nikapanda ngazi za kanisa. Nikasema, Makrina hakufeli. Alikuwa anamaliza, na aliyemharibia ni mimi Protasi, kwa fimbo hii.

Gaudens akasema, "Mzee, uliingia kwenye mtihani kutafuta mwanamume?"

Nikasema ndiyo.

"Ukampata?"

Nikasema sikumpata.

Walicheka mpaka padre akatoka kuangalia kuna nini. Sawa, wamenicheka mimi. Sasa wananiita Msimamizi. Watoto nao wananiomba niwatazame masikio. Bibi yako ndiye anayecheka kuliko wote, goti limepona ghafla.

Nimemwambia ndugu yake Sista pia, nyumbani kwake, kikao kizima, asije akapeleka maneno nusu.

Yule mtu wa kamera bado ana jambo lake, hilo hunitoi. Lakini hilo ni langu na yeye.

Siku ya mtihani usiniambie. Nikiijua, najijua. Barua hii nayo usiijibu. Amri nimemkataza kupita kwako mpaka mwezi uishe. Siku zitakazopita bila barua nitajua unasoma.

Babu yako,
Protasi