Yule wa Kijivu Amerudi na Njaa

Kapsoit,
14 Julai 1996

Kwako Baba Chelimo,

Nakusalimu sana kutoka hapa nyumbani. Sisi ni wazima, na mtoto ameota meno mawili.

Njiwa wako wa mashindano nawalisha vile ulinifundisha, mahindi na njegere. Lakini mbio za kwanza nilikosea. Kabla lori liwapeleke huko Naivasha kuachiliwa, niliwahurumia nikawashibisha kabisa. Yule wa kijivu alifika wa kwanza, halafu akakaa juu ya mabati akijichana manyoya. Nilitingisha mkebe wa mahindi mpaka mkono ukauma. Na njiwa hahesabiwi mpaka aingie kibandani! Baba yako akacheka: "Rodah, huyo ameshiba. Nyumbani atatafuta nini?"

Jana walienda tena. Safari hii niliwapa shayiri kidogo tu, hata kama waliniangalia vibaya. Wa kijivu hakugusa mabati. Aliingia moja kwa moja mpaka kwa mkebe, na tukashinda Kericho yote.

Magdaline wa dukani alipita huko unakofanya kazi. Anasema kuna mwanamke anakupikia kila jioni, na umenenepa. Najua wewe ni mtu wa kurudi.

Lakini Baba Chelimo, usishibe sana huko. Likizo yako ni Agosti, na mtoto amejua kutingisha mkebe.

Ni mimi wako wa siku zote,
Rodah