Tuta la Kuwashia Lori

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Tangazo rasmi, kwa heshima na taadhima: leo asubuhi lori la kijiji limewaka bila kusukumwa na mtu. Dereva, yaani mimi, nilivimba kichwa hadi saa nne.

Sifa ni za tuta. Kijiji chetu cha Puge ni tambarare kama sinia, na betri imezeeka, haishiki chaji. Nimeisugua vichwa, nimeiongezea maji, wapi. Mpya haipatikani hata Tabora mjini. Basi naegesha juu ya kichuguu nilichokisawazisha kwa jembe. Naachia breki, linateremka, naingiza gia, linawaka. Ufundi wangu wote ndio huo.

Jumatano, 9 Oktoba
Mama anaumwa tumbo. Anasingizia ugali wangu. Mganga wa zahanati anasema maumivu yakizidi apelekwe Tabora. Naogopa. Nilimweleza mama habari za betri, akacheka huku kajishika ubavu.

"Ungenunua punda, baba. Punda hana betri."

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimerudi na mzigo wa mbegu. Tuta hakuna! Vijana wamelichimba lote, wamefyatua matofali ya ofisi ya kijiji. Udongo wa kichuguu ndio unaoshika. Agizo la mwenyekiti.

Nikaacha injini inaunguruma. Mwenyekiti akaja mbio.

"Zima, ndugu. Dizeli ni ya wote."

Nikazima. Mjinga mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mama kazidiwa alfajiri. Stata ikakohoa mara moja, kimya. Kijiji kizima kikasukuma, mwenyekiti mbele, kandambili zikamkatikia. Limewaka karibu na kisima, jua limeshapanda. Mama nyuma juu ya turubai, jirani yetu Mama Shija kampakata. Tabora tumefika adhuhuri.

Jumatatu, 14 Oktoba
Tulimzika mama jana huko Cheyo, kwao alikozaliwa.

Wafiwa wenzangu wanasema mwana kama mimi ni nadra, nilimshika mama mkono hadi mwisho. Nimeitikia tu.

Sikumshika. Uwanja wa hospitali nao ni tambarare. Walimwingiza ndani, mimi nikabaki kwenye lori, mguu kwenye mafuta. Muuguzi alikuja dirishani kuniambia mama ananiita. Nikasema nakuja. Nikawaza, nikizima hapa, nitamrudishaje nyumbani? Nikakaa.

Mama Shija alipotoka analia, injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa.