Kadi Imemezwa, Mlango Umefungwa

Ylva we, nimefungiwa ndani ya benki. Hapa Lübeck, Ujerumani, Jumapili, hakuna mfanyakazi hata mmoja.

Tumeshakula samaki, mwenye mgahawa anasema kadi hapokei, anataka noti. Sisi Waswidi noti tumezishika lini mara ya mwisho?

Mashine ya pesa ya mtaani inakata ada ya euro sita, nikaikimbia. Nikaja hapa, mlango unafunguka kwa kadi, nikaingia.

Mashine ikauliza kama inikate kwa kroni zetu badala ya euro. Mtego huo naujua, kiwango chao ni wizi mtupu. Nikakataa. Ikauliza tena. Nikapiga hesabu kwenye simu, nikachelewa kujibu, ikameza kadi. Imemeza, Ylva.

Na kutoka nako mlango unataka kadi.

Torbjörn yuko nje ya kioo, kadi yake mkononi. Namwambia, "Chomeka, mume wangu, nitoke."

Anasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Amevaa na miwani kabisa.

"Ngoja kwanza," ananiambia. "Nikifungua hawanikati chochote?"

Na kumtukana siwezi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza hivyo.