Nimeiba Sauti ya Mke Wangu Maktaba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ikipita ushauri wowote utakuwa maji yaliyomwagika.

Mimi ni fundi viatu, shule niliishia darasa la saba, msomi wa nyumba alikuwa mke wangu, alifanya kazi maktaba miaka kumi na tisa, na saba ya mwisho alikuwa akiwasomea wanafunzi wasioona vitabu vya shule, anajifungia kwenye stoo ya magazeti ya zamani, ukutani wamepigilia magodoro ili kelele za barabarani zisiingie, anasoma kwenye kinasa sauti, halafu sidii zinaazimwa kama vitabu. Akifika kwenye picha anaieleza: "Hapa wamechora moyo, wanangu, ukubwa wake kama ngumi, hebu kunja yako uishike." Kikohozi kikimbana anasema, "Nisubirini ninywe maji," na unasikia bilauri ikigonga meza. Bilauri hiyo ninayo, ina ufa.

Mwaka jana mchapishaji wa kitabu cha biolojia akaandika barua, kwamba maneno ni mali yake, hakumruhusu mtu kuyageuza sauti, kila kitu kifutwe. Mkuu wa maktaba akawauliza, je, ninyi mnayo ya kuwauzia wasioona? Wakajibu hawana wala hawana mpango, wateja wenyewe wachache. Mke wangu aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema, "Kumbe nilikuwa mwizi na sijui." Alicheka, lakini hakuingia tena kwenye kile chumba, na alikuwa amebakiza sura mbili tu za kitabu hicho, na miezi minne baadaye nikamzika.

Mkuu wa maktaba hakukubali yaishe hivyo. Kwenye kompyuta alifuta kama alivyoamriwa, akabakiza kabatini seti moja ya sidii tisa, kwa makubaliano na mchapishaji kwamba isiazimwe wala isinakiliwe mpaka wabunge wanaopitia sheria ya hakimiliki waamue, na yeye na wenzake wa maktaba nyingine wamehangaika mwaka mzima kwa barua na mikutano na mabenchi ya ofisi za watu, ili sheria iruhusu wasioona wasomewe. Nilimwomba nakala moja. Akanishika mkono: "Shemeji, nikikupa hata moja, tumewapa kamba ya kutunyongea."

Basi siku nilipoitwa kuchukua vitu vya marehemu, sweta, miwani na ile bilauri, funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye kabati, mkuu akatoka kupokea simu, nami nikazifunga sidii zote tisa ndani ya sweta. Sasa kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, naweka moja, nakunywa chai naye.

Juzi akaja mapema binti mmoja asiyeona, soli imeachia. Akasimama mlangoni. "Huyo si Mama Maktaba?" Nikazima. Nikasema, "Ni redio, mwanangu."

"Redio gani inaomba ruhusa kunywa maji?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, mimi niliishia sura ya sita, wakatukatia. Mtihani ni mwezi ujao. Niache tu nisikilize wakati unashona."

Nikamwambia betri zimeisha. Akakaa kwenye kiboksi, mguu mmoja peku, ngumi kaikunja juu ya goti, mpaka nikamaliza.

Alhamisi wabunge wanakaa kusikiliza, na mkuu alipanga kuwasikilizisha dakika tano za sidii hizo. Kabati limekutwa tupu. Mchapishaji anasema maktaba imezisambaza kwa siri, si watu wa kuaminiwa. Nikizirudisha nitaaibika, na mke wangu atakuwa ametoka nyumbani mara ya pili. Nifanye nini?

Fundi viatu, mfiwa

JIBU

Fundi, pole, na pole yangu ni ya kweli. Ila huruma yangu inaishia pale ulipomwambia yule binti betri zimeisha.

Mchapishaji alifanya nini kilichomuumiza mkeo? Alikifungia kitu asichokitumia, akawaambia wanaokihitaji waende zao. Wewe je? Yeye ana wakili, wewe una machozi, lakini mlango aliogonga binti ni uleule.

Mchapishaji simtetei. Aliyeandika kitabu alitoka jasho, alipwe, na mkutubi yeyote atakuambia hivyo. Lakini hupiki na jirani unamkataza asipike? Huo ni uchoyo uliovaa tai. Mkuu wa maktaba, mama wa watu, amechakaza soli mwaka mzima akilisema hilo, nawe, fundi viatu, umemvua viatu siku ya safari.

Leo, si kesho, funga kibanda. Peleka sidii zote tisa, hata kama kuna uliyoikwaruza. Usizitupie mlangoni ukakimbia. Mwambie shemeji yako usoni, "Nilichukua mimi." Atakasirika, mwache akasirike. Kisha andika kwa mkono wako kwamba zilikuwa kwako, hazikunakiliwa wala kuazimwa, ili aibu iwe yako na si ya maktaba. Alhamisi nenda ukae benchi la mbele. Ukiitwa, simama, eleza habari ya bilauri. Wabunge wamesomewa vifungu mpaka wamechoka, mtu anayekohoa akiwasomea watoto wa wenzake hawajamsikia.

Sikuahidi kitu. Huenda wakapiga miayo na kuahirisha. Huenda sidii zikarudi kabatini mwaka mwingine, na mtihani wa binti ukapita. Hilo likitokea, sehemu yake ni yako, ulibebe.

Ijumaa utakunywa chai kimya, na hakuna nitakachokuambia cha kuupunguza ukimya huo. Lakini kitabu chenyewe, cha karatasi, bado kipo rafuni na hakuna aliyekifungia. Kiazime. Mtafute yule binti, mkalishe kwenye kiboksi, umsomee mwenyewe, kuanzia sura ya saba mpaka zile mbili alizobakiza mkeo. Darasa la saba linatosha. Maneno magumu yatakukwamisha, na sauti haitakuwa ile, na nyote wawili mtajua kwamba si ile. Soma hivyo hivyo. Na ukifika kwenye picha, usiiruke.