Magoti ni Yangu, Hope

Hope, kitendawili! Nina mawe mawili ya kusaga, yanasaga kutwa na unga sioni. Usijibu, umeshajibu vya kutosha leo. Ni magoti yangu. Githeri iko kwa sufuria, pasha.

Daktari aliniuliza mimi maumivu ni ngapi kwa kumi. Sijafungua mdomo, wewe huyo: "Tatu, daktari. Nyanya hucheka tu." Akanirudisha nyumbani na tembe! Nacheka ndiyo usilie, mjinga wewe. Ukaongeza eti kupanda ngazi sina shida. Ngazi gani kwa vibanda vya hapa mtaani Lindi? Ungemwambia vile nashikilia ukuta nikiinuka chooni.

Usinifuate. (Hiyo nimeifuta.) Ukishakula, njoo unishike mkono. Nimerudi kwa daktari, nimjibu mimi mwenyewe.

Ni tisa.

Nyanya yako