Mawe ya Mnara wa Kusini

Jumatatu, 28 Oktoba
Ukungu umeimeza ngome yote, umebakiza mnara wa kusini tu. Zdena, injinia wa ukarabati, amepita na kitabu changu cha historia ya ngome. Amekunja ukurasa ule: "Mnara umesimama juu ya mwamba, karne ya saba sasa." Wiki ijayo mafundi wake watauegemezea jukwaa la kupandia.
"Umetuokolea kazi ya kuchimba, Mwalimu."
Nikamkaribisha supu ya kabichi. Basi.
Mwamba haupo. Kuna shimo. Nalijua — nililichimba mimi.

Jumatano, 30 Oktoba
Mwaka 1961 kila mtu hapa alijenga kwa mawe ya ngome. Hata mabanda ya nguruwe. Wengine waliokota yaliyoanguka. Mimi na rafiki yangu Imrich tuliyataka ya msingi, yaliyochongwa, kwa ajili ya nyumba hii. Siku ya tatu msingi ulititia. Ukamfunika yeye.
Nilimvuta nje. Nikammwagia pombe ya plamu kifuani, nikasema alianguka kutoka ukutani, kalewa. Imrich hakuonja pombe maishani mwake. Miaka kumi baadaye nikaandika kitabu, nikaweka mwamba pale kwenye shimo.
Tangu jana kuna mtu anakohoa chini ya nyumba. Kikohozi cha vumbi la chokaa.

Ijumaa, 1 Novemba
Makaburini, kuwasha mishumaa ya marehemu; wangu ni wa Imrich. Jirani yangu Filoména hakosi neno: "Mwalimu, mlevi wako huyo usimwinamie karibu, mshumaa utalipuka." Watu wakacheka. Zdena alisimama nyuma yetu — Imrich ni kaka wa bibi yake. Alitazama viatu vyake.
Mshumaa ulizimika mara tatu. Upepo haukuwapo.

Jumapili, 3 Novemba
Kesho wanapanda. Nimemwita Zdena, nikamshusha ghalani chini ya nyumba. Nilimpa tochi. Alipapasa ukuta, akaiona alama ya mwashi, ile ile ya mnarani.
"Mawe haya yametoka chini ya mnara?"
"Ndiyo."
Akapiga simu hapo hapo: mtu asipande, jukwaa lisiegemezwe. Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.
Kisha akajaribu kulisukuma jiwe moja kwa bega. Halikutikisika. Akanimulika usoni.
"Mtu mmoja halibebi jiwe hili, Mwalimu. Mlikuwa wangapi?"
Nimesema napanda kuchukua dawa. Naandika nimesimama. Yuko chini bado, hajazima tochi. Naye sasa anakohoa. Wanakohoa wawili —